Vichocheo vya ukuaji kwenye mfupa mbadala: swali la kipimo na kibebeo

Mfupa uliovunjika kwa kawaida hujiunga wenyewe. Kikipotea kipande kizima, kwa ajali, usaha au uvimbe uliokatwa, pengo linaweza kuushinda mwili. Kwa miaka mingi madaktari wamechota mfupa wa nyonga ya mgonjwa huyohuyo wakajazia pengo, na bado ndiyo njia inayoaminika zaidi, kwani mfupa huo huja na seli hai na vichocheo vyake. Ila mgonjwa hubaki na kidonda cha pili, na mfupa wenyewe haupatikani kwa wingi.

Vibadala vya asili, kama mfupa wa ng'ombe uliosafishwa protini, matumbawe au kolajeni (protini ya nyuzinyuzi iliyomo mifupani na ngozini), vinaondoa shida hiyo. Tatizo ni kwamba kwa sehemu kubwa ni kiunzi tu: seli hutambaa juu yake zikijenga, lakini hakiziamuru zianze. Amri hiyo aliionyesha Marshall Urist mwaka 1965, alipopandikiza mfupa uliotolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humo. Protini zinazofanya kazi hiyo zikaitwa BMP.

Mwaka 2002 Marekani iliruhusu BMP-2, mojawapo ya protini hizo, itumike na sponji ya kolajeni kama kibebeo chake kuunganisha pingili za kiuno, kisha 2004 kwa mivunjiko ya wazi ya mfupa wa ugoko. Kwa ugoko, watetezi wana hoja nzito. Katika jaribio la wagonjwa 450, waliopewa kipimo cha juu walipungukiwa kwa 44% na hatari ya kuhitaji matibabu mengine kwa mfupa kuchelewa kuunga. Kwa mtu ambaye angerudi tena na tena chumba cha upasuaji, hilo si jambo dogo.

Kwenye uti wa mgongo mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: wagonjwa waliowekewa protini hiyo shingoni, matumizi ambayo haikuyaidhinisha, walivimba hadi wengine wakashindwa kupumua. Mwaka 2013 mapitio huru ya takwimu za majaribio yakaonyesha kwamba kwenye uti wa mgongo haikuwa na faida ya maana kuliko mfupa wa nyonga.

Wapo wanaohitimisha kuwa protini yenyewe ni mbaya. Sikubaliani nao. Mwilini BMP hufanya kazi kwa viwango vidogo mno. Sponji hupakiwa miligramu kadhaa, na sehemu kubwa huvuja siku za mwanzo. Ndiyo maana mfupa huota hata nje ya pengo. Madini ya mfupa huishika protini hii na kuiachia polepole zaidi, na hapo ndipo kibadala cha asili kinapoweza kusaidia kupunguza kipimo. Lakini matokeo mengi ya kutia moyo yametoka kwa panya na sungura, ambao mifupa yao huunga upesi kuliko ya mzee mwenye kisukari.

Kwa hiyo ningeitetea BMP-2 kwenye ugoko uliovunjika vibaya. Kwenye kishimo cha taya kilichozungukwa na mfupa mzima, kiunzi peke yake mara nyingi kinatosha. Na palipotolewa saratani isitiwe kabisa, kwa kuwa kichocheo hakichagui seli ya kuikuza.