Kwa Nini Baadhi ya Viwango vya Programu Hushika na Vingine Huachwa

Mzigo unaotoka Mbeya kwa TAZARA na kutakiwa kuendelea kwa Reli ya Kati ya zamani hushushwa Kidatu na kupakiwa upya, kwa kuwa njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na za kusini zaidi, ilhali ile nyingine ina milimita 1,000. Hakuna aliyekaidi kiwango, yaani kanuni ya kufanya kitu kwa namna moja. Kila reli ilifuata cha kwake, na gharama ikamwangukia mwenye mzigo.

Katika programu za kompyuta gharama hiyo haionekani kwa macho, lakini ipo. Nilipopewa kazi ya kuunganisha orodha za wakulima wa kahawa wa chama kimoja cha msingi wilayani Mbozi, mfumo mmoja ulisoma 03/04 kuwa tarehe 3 Aprili na mwingine ukaisoma kuwa 4 Machi. Namba za simu nazo, huku zilianza na 07, kule na +255. Wiki mbili zilikwenda katika kusahihisha malipo ya watu wanaoisubiri fedha hiyo kwa ada za shule. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kipo tangu mwaka 1988. Kilishindwa pale kwa sababu aliyekipuuza si yeye aliyeumia.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye kiini cha suala hili: kiwango hushika pale anayekifuata anapopata faida tangu siku ya kwanza. Itifaki za TCP/IP, yaani kanuni ambazo kompyuta hutumia kuwasiliana kwenye intaneti, na ambazo mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983, zilienea kwa kuwa zilikuwa tayari zinafanya kazi na zilikuja pamoja na Unix ya Berkeley, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wakati itifaki shindani za OSI, zilizobuniwa kwa uangalifu mkubwa na kamati za kimataifa, zilibaki zaidi kwenye karatasi, ingawa serikali ya Marekani iliagiza zitumike katika manunuzi yake kuanzia 1990. XHTML 2, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, nayo ilimtaka mwandishi wa tovuti aandike upya kazi yake bila msomaji kuona tofauti yoyote, na mwaka 2009 ikaachwa ili nguvu zielekezwe kwenye HTML5, lugha nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo, hoja ya kwamba kinachofanya kazi kwanza ndicho kishinde ina hatari zake, na wanaoitetea huzipitia haraka mno. Kinachoshinda mapema huganda pamoja na kasoro zake: anwani za IPv4, yaani namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti, ni takribani bilioni 4.3 tu, akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011, na IPv6, mfumo mpya wa anwani uliochapishwa tangu miaka ya 1990, bado haujaenea kote, kwa kuwa anayehama leo hulipa leo na kunufaika pale tu wengine watakapohama. Kuliachia soko pia ni kumwachia mwenye nguvu. Waliotengeneza tovuti enzi za Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft, wanakumbuka kurasa zilizofunguka vizuri katika kivinjari hicho peke yake.

Je, amri ya serikali husaidia? Ile ya OSI haikufaa kitu. Lakini hapa Tanzania namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number) imekubalika hadi vijijini, nami naona sababu ni kwamba nyuma ya amri kulikuwa na mfumo unaofanya kazi, na benki au kampuni ya simu isiyojiunga ilikuwa inapoteza wateja.

Kwa vyama vya ushirika vya Mbozi na Rungwe, nguvu ya namna hiyo iko kwenye mkataba. Chama kinachonunua programu kiandike humo muundo wa tarehe, wa namba za simu na wa faili la kuhamishia taarifa, kisha kijaribu kuzihamishia taarifa hizo katika mfumo mwingine kabla ya kulipa awamu ya mwisho.