Leso ya Shangazi na Nyota ya Mkia

Mwisho wa Septemba 2024, mwezi wa Mfungo Sita umebakisha siku chache, nilijipa ualimu wa nyota hapa Lamu. Kisa ni nyota ya mkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS, jina ambalo shangazi alilikatakata likabaki "Chani". Ilikuwa imepita karibu na jua tarehe 27, kama kilomita milioni 58 hivi, na sasa ikionekana mashariki kabla hakujapambazuka.

Katika yote niliyosoma, kilichoniingia zaidi ni hatari. Usiku ule niliwakalisha watu wa nyumbani nikawapa darasa. Darubini ikiangukia jua, nikawaambia, mwanga wote unajikusanya nyuma ya jicho, na pale nyuma hapaumi hata pakiungua. Utajua umepofuka wakati umeshapofuka. Jua linatoka kama saa 12 na dakika 3. Mimi saa 11 na dakika 45 darubini chini, niwe nimeiona au sijaiona.

Aliyesikiliza kuliko wote ni shangazi. Huyu ndiye aliyetufungia ndani jua lilipopatwa Januari 2010, akaziba hadi tundu la ufunguo.

"Na ukijisahau?" akauliza.

"Basi shangazi, nikumbushe wewe."

Laiti ningeung'ata ulimi.

Baada ya swala ya alfajiri tukashuka gatini, mimi na darubini ya kuazima, yeye na leso zake. Mwenye darubini ni nahodha, jirani yetu, na aliniambia neno moja tu: "Ikiingia maji, nawe usirudi." Mbele yetu kisiwa cha Manda kilikuwa cheusi tititi. Wazee wawili waliotoka msikitini wakasimama kutazama kioja, na punda mmoja, wa nani sijui, akaja kunisimamia mgongoni kabisa.

Nikaanzia kwenye mwezi, ambao ulikuwa umebaki kama ukucha, nikashuka pole pole upande wa kulia. Nikapata mlingoti wa jahazi. Nikaushangilia, kisha nikanyamaza. Nikarudi tena kwenye mwezi, nikashuka tena, mikono inatetemeka, vioo vinaingia ukungu wa pumzi zangu. Halafu, wallahi, ikaingia: kitone cheupe, na juu yake mkia umesimama wima, mwembamba, kama moshi wa ubani chetezoni pasipo upepo.

"Naiona!" nikapiga kelele.

Sasa, mimi nilimwambia shangazi saa. Lakini shangazi saa hana. Alichokuwa nacho ni macho yake, na macho yake yaliona wekundu unaanza juu ya Manda. Ilikuwa saa 11 na nusu, jua bado liko huko chini zaidi ya nusu saa.

"Yuwa laya! Mato, mwanangu, mato!" akalia kwa Kiamu, yaani jua laja, macho!

Giza. Leso nzima kichwani, inanuka udi na kitunguu. Kamba ya darubini ikanikaba, ikavutwa, ikatoka pamoja na kofia yangu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikamkalia punda. Punda hakupenda. Alichofanya hasa sikukiona, nilikuwa ndani ya leso, ila nilijua nimefika baharini kwa ile baridi ya kiunoni. Bahati maji yalikuwa ndiyo yanaanza kupwa.

Nilipojifunua, wazee walikuwa wameshika matumbo. Mmoja alijitahidi kunipa mkono lakini kicheko kikamkalisha chini. Shangazi alikuwa amesimama palepale, darubini kaikumbatia kavu kabisa, anatazama mashariki kwa macho matupu.

"Chani ndiyo ile?"

Nikageuka, maji yananichuruzika puani. Ndiyo ile, ingali ipo, hafifu lakini ipo, bila darubini ya mtu.

"Ndiyo, shangazi."

"Aa! Mbona ile naiona tangu juzi, nikipanda juu kuwapa kuku mtama? Nilidhani moshi wa ndege."