Nimeshinda, Msinipongeze

Jana Jumapili nimeshinda beti ya farasi. Naomba sana mtu asinipongeze, asinitumie ujumbe wa "bosi kumbuka wadogo zako", wala asinikumbushe ile elfu moja ya mwezi wa tatu. Nimeshinda shilingi 20. Ishirini. Nauli ya kurudi peke yake ilikuwa mia, kwa sababu mvua ilinyesha saa kumi na moja jioni, na mnazijua matatu za njia ya 111 zikiona wingu.

Chanzo ni shemeji. Mikeka yangu ya kubeti mpira imechanika tangu ligi ianze, hadi naona haya kuishika simu yangu mwenyewe, naye akaja na hekima: "Mpira una watu ishirini na wawili, refa, na refa mwingine amejifungia na televisheni. Farasi ni wanane tu, na hakuna dakika za majeruhi." Nikaona mtu ana akili. Tukapatana tukutane Racecourse, uwanja wa mbio za farasi hapa Nairobi, saa saba. Saa saba na nusu ananipigia, yuko Racecourse Road, kule upande wa Kariokor, katikati ya mikokoteni, anauliza mbona haoni farasi. Nikamwambia farasi walishahamia uwanja wa Ngong Road tangu 1954, nilidhani habari zilishamfikia. Akakata simu.

Basi nikaingia peke yangu, shati limepigwa pasi, kitabu cha mbio mkononi, uso wa mtu mwenye mazizi ya farasi Njoro.

Kitabu chenyewe kikanishinda ukurasa wa kwanza. Kila farasi ana jina refu kama hotuba ya kumkaribisha mgeni rasmi, na pembeni kuna tarakimu nikadhani ni simu ya mwenyewe. Kijana wa njugu ndiye aliyenifumbua macho: hizo ni nafasi alizomaliza mbio zilizopita. Nambari 6 alikuwa na 5, 6, 4, 6. Huyo nilimpenda papo hapo, maana ripoti zake ni zangu za shule ya msingi.

Halafu kuna mambo ya uzito. Mnajua wanachowafanyia farasi wazuri? Katika mbio za kusawazishwa, wenyewe wanaziita handikapu, farasi akionekana ni hodari anaongezewa mzigo. Jokei, yule anayempanda, akiwa mwepesi kuliko kilo zilizopangwa, vinatiwa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko, mpaka hodari na goigoi wawe na nafasi moja. Nilisoma hapo nikafunga kitabu kidogo. Mimi kazini nikimaliza kuhesabu stoo mapema napewa stoo ya pili, na yule mwenzangu anayelala juu ya magunia ya saruji anaambiwa pole na kazi. Kumbe si chuki. Ni handikapu.

Kwenye ubao wa jamaa wa kubetisha kumeandikwa kila farasi analipa kiasi gani: 7/4, 5/2, 11/8. Hesabu za sehemu, nilizozitoroka darasa la sita, zimekuja kunisubiri Ngong Road. Nikapita kama mtu anayetafuta choo.

Nikaenda pale wanapozungushwa farasi kabla ya mbio. Nikaegemea ua, nikakunja kipaji, nikaanza kutingisha kichwa polepole kama ninavyoona wenye pesa wakifanya. Pembeni yangu kulikuwa na mzee, kofia ya vito, koti la mtumba, bakora. Akaniangalia muda mrefu.

"Mwanangu, watizama nini hapo?"

"Natazama miguu, mzee."

"Miguu hata meza ina."

Nikanyamaza. Akanisogelea. Yeye ni mtu wa Lamu, akasema, na kabla mimi sijazaliwa alikuwa keshapanda punda katika mbio za Maulidi, akawaacha wenziwe wakimeza mchanga. Nikamwambia kwa heshima, mzee wangu, hawa ni farasi. Akacheka mpaka bakora ikatikisika. "Farasi ni nini? Ni punda aliyesomeshwa."

Halafu akanipa somo. Kifua na kichwa ni usukani tu. Injini iko nyuma. Tazama matako. Nikatazama matako. Kuna mama mmoja wa kofia pana alikuwa upande wa pili wa ua, akadhani namtazama yeye, akahama. Mzee hakujali. "Yule wa nne, wamuona povu jeupe katikati ya mapaja? Huyo mbio zake kashazikimbia papa hapa, huko aenda kutembea. Yule wa sita katiwa vifuniko vya macho, aogopa wenziwe. Masikio nayo: punda akilaza masikio nyuma, mzigo ushushe mwenyewe, hautafika." Nikaanza kuandika kwenye kitabu. Nikaandika "masikio". Nikaandika "povu". Nikajiona nimefika mahali.

Tukabakiwa na wawili, wa 3 na wa 7. Wote matako wanayo, masikio wima. Nikauliza tunaamuaje.

"Twangoja."

"Twangoja nini, mzee?"

"Choo."

Mnisikilize vizuri. Mimi ni mtu mzima, nina kitambulisho, nina watoto wawili shuleni, mtaani naitwa mwenyekiti kwa sababu ya ile kamati ya maji. Nilisimama pale Jumapili, saa nane na dakika arobaini mchana, na mtu wa umri wa babangu, tunangoja farasi anye. Falsafa yake ni kwamba anayekunya kabla ya mbio amepunguza mzigo, na hakuna jokei atakayemrudishia. Wakazunguka mara ya kwanza. Mara ya pili. Wa 7 akanyanyua mkia, mzee akanibana mkono. Ulikuwa upepo tu. Kengele ya jokei kupanda ikagongwa. Nilihisi jasho mgongoni kama vile ni mimi niliyebanwa. Ndipo wa 3, bila haraka, mbele ya umati wote na mabalozi kama walikuwepo, akaachia.

"Alhamdulillahi," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Kilo mbili hizo."

Nami, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Nikamwuliza yeye amechezea shilingi ngapi. Akanitazama kama nimemtukania mama. "Mimi? Kamari haramu! Mimi natizama, na mtu akiniuliza namjibu."

Beryl Markham, yule mama aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, alitumia miaka mingi kunoa farasi nchi hii, na farasi wake wakashinda Kenya Derby mara kadhaa. Miaka. Mimi nilikuwa na robo saa na kinyesi.

Dirishani roho ikaingia baridi. Nilikuja na nia ya kumchezea wa 3 ashinde. Lakini nikikaribia pesa huwa naanza kukumbuka kodi ya nyumba, kwa hiyo mdomo ukasema wenyewe: "Mia mbili, plesi." Yaani akiwa miongoni mwa wa mbele, nalipwa. Mbio zilikuwa za mita 1200. Zaidi ya saa nzima nilihangaika kuchagua, kitu kikaisha kwa dakika moja na ushei, na nusu ya dakika hiyo mbele yangu kulikuwa na mtu mrefu amembeba mtoto mabegani. Nilisikia tu kishindo na uwanja mzima unapiga kelele "Tatu! Tatu! Tatu!"

Hapo ndipo ningeshtuka. Uwanja mzima?

Foleni ya malipo ilizunguka mpaka karibu na choma. Kwa asiyejua, pesa za toti, yaani beti za pale dirishani, zinamwagwa chungu kimoja, wenyewe wanakata chao, kinachobaki wanagawana waliopatia. Mkipatia wengi, mnalambishana kijiko. Jamaa wa mbele yangu akanigeukia na tabasamu la siri: "Buda, kuna mzee mmoja wa Lamu pale kwa ua, anajua hawa wanyama vibaya sana." Mama wa mbele yake akageuka: "Wa bakora?" Yule wa kofia pana naye alikuwemo, tena mbele yetu wote.

Mia mbili yangu ikarudi mia mbili na ishirini.

Natoka, mzee huyo hapo langoni. "Sikukwambia?" Nikasema uliniambia mzee wangu, wewe na taifa. Akasema yeye hataki kitu cha kamari, hata senti, ila koo limekauka, na chai ni chai. Nikatoa hamsini. Kwa hiyo sasa niko chini thelathini, na huyo ndiye pekee aliyeondoka pale na faida halali. Akaniombea dua ndefu. Akaniambia Lamu punda wana hospitali yao wenyewe, nikienda nisiache kuiona. Mimi zahanati ya kwetu napanga foleni tangu alfajiri, nikifika dirishani naambiwa dawa ziko njiani. Siendi kumwonea wivu punda.

Kwa matatu, konda akasema mia, nikauliza si hamsini, akaniuliza kama naona mvua au nimevaa miwani ya mbao. Nimefika nyumbani soli ya kiatu cha kushoto inaongea. Mke wangu hakuuliza nilikuwa wapi. Aliangalia matope, akanusa, akasema gesi imeisha.

Sasa ni saa nne usiku na watoto wa juu wameanza. Hawa huwa hawatembei, wanakimbia, kutoka jikoni mpaka sebuleni na kurudi, na mama yao nikimlalamikia ananijibu eti nyumba ni ndogo. Nimelala chali natazama dari. Wako watatu. Yule mkubwa anaanza kwa nguvu lakini kwenye kona ya kabati anachoka. Wa kati anavuta mguu, nadhani ni ndara. Kadogo ndiko kanakuja vizuri kwa nje, na dakika tano zilizopita nilisikia maji ya choo.