Papa, Nasikia Mukojo!

Kila familia ya Goma ina shangazi wa Bruxelles, na siku moja atapiga simu tu: "Leteni watoto Februari, niwapeleke Ardennes, huku milimani Ubelgiji, waone theluji." Haya. Kilele cha Ubelgiji yote, Signal de Botrange, kina mita 694. Sisi Goma tunalala karibu mita 1,500, juu maradufu, na theluji hatuioni, maana ikweta iko hapo jirani. Basi tulipe ndege tushuke kutafuta baridi! Na ikiyeyuka kabla hamjafika, mtakuta matope, ambayo hapa tunayo bure. Habari za visa tuziache, presha itapanda.

Koko, bibi yetu, naye ana dawa yake: sweta tatu za pamba. Koko, shikamoo, lakini pamba hunywa jasho na haikauki upesi, mtoto atagandia humo ndani. Kinachogusa ngozi kiwe chepesi, cha sufu laini au poliesta. Juu yake sweta nzito. Juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji.

Makoti hayo utayakuta kwenye mitumba, soko la Virunga, na muuzaji ataapa kwa mama yake kwamba tone halipiti. Usibishane naye. Mwagia kijiko cha maji begani pa koti: yakiviringika kama juu ya jani la gimbi, toa pesa, yakizama, hiyo ni sponji yenye vifungo. Vuta na zipu mara kumi. Ikikwama Virunga, kule itakwama zaidi, na vidole vyako vimekufa ganzi.

Soksi jozi moja tu. Ukirundika mbili, kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, halafu unashangaa mtoto analia. Glavu ziwe za kifuko, vidole vinne pamoja vipashane joto, na jozi mbili, kwa sababu ya kwanza italowa mapema. Zifunge kwa uzi unaopita ndani ya mikono ya koti, la sivyo utarudi na tatu. Skafu acha, hunasa. Kofia ya kuziba masikio inatosha. Na mafuta ya kuzuia jua msisahau, theluji hurudisha mionzi usoni kama kioo. Eti ngozi nyeusi haiungui! Nani ameliambia jua habari hiyo?

Sasa kuvalisha. Choo kwanza, kwa amri, hata akisema hana kitu. Ovaroli usinunue, suruali na koti vitengane, utanishukuru. Fanyeni mazoezi hapa nyumbani alfajiri, jua likipanda mtawapika. Shati, sweta, soksi, suruali, mikanda ya mabega, buti, koti, kofia, glavu mwisho. Watoto wawili, nusu saa. Zipu imefika kidevuni, mkono uko kwenye kitasa.

"Papa, nasikia mukojo."

Glavu, koti, mikanda, suruali. Umepiga magoti, jasho linakutoka, wa pili anakugusa bega:

"Na mimi."