Kesi ya Kijiti

Mpwa wangu ni mtu wa zenji fleva, muziki wa vijana wa Zanzibar. Kwake yeye taarab ya zamani ni watu wazima kubembelezana kwa mashairi, haina kisa wala habari. Maneno hayo kayasema ndani ya daladala ya Fumba, tunarudi mjini kutoka harusini. Fumba, yakhe! Alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab hiyo hiyo! Mimi ninyamaze?

"Weye," nikamwambia, "Siti alikuwa hajui kusoma wala kuandika, na mji ulikuwa ukipata habari kwake. Likitokea jambo mchana, huko mitaa ya Ng'ambo linatungiwa nyimbo. Hujapata kusikia kesi ya Kijiti?"

Hajapata. Basi nikamsimulia, na mimi nikianza kusimulia sauti yangu hairudi chini.

Mwanamke wa watu katoka Dar es Salaam, kaja kutembea, na tumbo lake. Kijiti kamchukua kwenda naye starehe, kaishia naye maguguni, kamuua. Kisha huyo, kavuka bahari, kakimbilia bara. Kesi ikafika kwa jaji, jaji akahamaki, na waliofungwa ni nani? Mashahidi! Kijiti yuko zake bara, waliokwenda kusema waliyoyajua ndio wameingia ndani.

Kombeni alipanda bi mkubwa mmoja na kikapu chake, akakuta nimeshafika kwenye "kamuua". Akakaa kimya mbele yetu, akasikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akatoa simu. Nikamsikia akitaja Kijiti, akitaja mashahidi, akivuta na innalillahi. Nilifurahi, siwafichi. Nikampiga mpwa kiwiko: "Unaona? Wenye masikio yao bado wapo."

Alasiri nikateremka baraza ya Jaws Corner kunywa kahawa. Kabla sijakaa, mzee mmoja wa dhumna akaniinamia: "Umesikia lakini? Kijiti kaua."

"Kijiti yupi?"

"Kijiti wa urojo. Mgeni kutoka Dar, mja mzito. Kamtupa magugu ya Kombeni."

Hapo lazima niseme kwamba mtaani kwetu yupo kijana muuza urojo, mwembamba, tangu mtoto tunamwita Kijiti. Hajapata kuua hata kuku, huwaita watu wamchinjie. Na kwa nuksi yake, asubuhi ile alikuwa kapanda boti kwenda Dar kununua vyombo vya biashara.

"Kakimbilia bara," akasema wa pili. "Kuna mtu kamwona bandarini Malindi na begi."

"Na kesi ishakwisha," akasema wa tatu. "Jaji kawafunga mashahidi."

Mauaji, msako, mahakama na hukumu, yote kabla ya sala ya alasiri! Mimi nina shauri la kiwanja mwaka wa ngapi sijui, kila siku naambiwa faili halionekani.

Nikawaambia jamani, hiyo nyimbo. Ni mambo ya miaka ya 1920. Mwanamke hakuuawa leo.

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyesimulia garini!"

Hilo lilikuwa neno baya kuliko yote ningeweza kusema. Baraza zima likasogea. Mtu aliyekuwa kaniegemea begani akakumbuka kwamba kaacha pasi ya mkaa inawaka. Muuza kahawa akachukua kikombe changu na kahawa yangu imo.

"Unaye shahidi?" akauliza mzee wa dhumna, kwa mbali.

"Siti binti Saad."

"Yuko wapi?"

"Kafa 1950."

Wakatazamana. "Mwengine?"

"Shaaban Robert kamwandikia wasifu wake, kitabu kizima."

"Basi mwambie asiandike tena, watamfunga."

Simu yangu ikalia. Kijiti, kutoka Dar, sauti inamtetemeka. "Mjomba, mama kanipigia analia, anasema nisirudi, nijifiche kwa shangazi Temeke. Kwani mimi nimemuua nani?" Nikamwambia hujamuua mtu, nunua sufuria zako urudi. Waliokuwa karibu wakasikia nusu yangu tu: hujamuua mtu, urudi. Mmoja akanong'ona kwamba kumbe nazungumza naye kabisa.

Ndipo mpwa wangu, mwenye ghasia zote hizi, akapata wazo. Akaitafuta nyimbo yenyewe kwenye intaneti, akaiweka kwa sauti kubwa. Nikawaeleza: Siti na wenzake ndio waliokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, sikilizeni hiyo mikwaruzo, hii ni sauti ya leo? Wakainama wote juu ya simu. Likatajwa jina la Kijiti, wakashtuka. Wakasikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyegusa dhumna.

Mzee akainua kichwa taratibu. "Subhanallah," akasema. "Hata nyimbo ishatoka!"

Vijana wakamzonga mpwa awarushie kwenye simu zao. Kufika magharibi ilikuwa imeshafika Mkokotoni, na mtu wa Pemba akanitumia mimi mwenyewe, na maneno chini yake: sikiliza yaliyotokea kwenu.

Kijiti alirudi na sufuria zake. Kwa siku kadhaa watu walipanga foleni kununua urojo, kila mmoja akimkazia macho mikono wakati anateka. Biashara ilimwendea vizuri, kinyongo hana. Mwenye kinyongo ni mama yake.

Sikukuu Mosi tulikwenda taarab, mimi na mpwa. Mwimbaji akaingia kwenye nyimbo ya mafumbo, ya mtu asiyejua kuuzuia mdomo wake. Mama Kijiti akanyanyuka kiti cha nyuma kabisa. Akaja mwendo wa pole kupita mbele ya ukumbi mzima, noti kaziinua juu, akamtunza mwimbaji moja, akanigeukia. Akamtunza ya pili, akanigeukia. Mwimbaji, mjuzi wa kazi yake, akafuata macho yale mpaka yakanifikia, akaurudia ubeti.

Mpwa akaniinamia sikioni. "Mjomba," akasema, "na hii kisa chake nini?"