Kugeuza RAW kuwa TIFF: kinachobaki na kinachoondoka

Diski ikianza kujaa faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera (CR3 za Canon, NEF za Nikon, ARW za Sony), wapiga picha wengi hujiwa na wazo moja: zigeuzwe zote kuwa TIFF au PNG, aina za faili za picha zinazofunguka karibu popote, kisha zile za kamera zifutwe. Wazo hilo si la kipuuzi. JPEG hutupa sehemu ya picha kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, lakini TIFF na PNG zinaweza kubana data na kuirudisha nzima, biti kwa biti. Kama hakuna kinachopotea, faili ya kamera ni ya nini tena?

Mimi niko upande wa wanaoitunza. Hata hivyo, hoja za upande wa pili zina uzito kuliko tunavyozipa, na wengi wetu tunaitetea RAW kwa sababu zisizo sahihi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kamera. Kihisi chenyewe hakitambui rangi, hupima mwanga tu. Kwa kamera nyingi, juu yake pana kichujio cha vigae vidogo vyekundu, vya kijani na vya bluu, mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopewa hataza Marekani mwaka 1976. Nusu ya pikseli hupima kijani, robo nyekundu, robo bluu, na kila pikseli hupima rangi moja tu. RAW huandika vipimo hivyo, kwa kawaida kwa biti 12 au 14 kila kimoja. Ili tupate picha ya kutazama, programu hukadiria rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli kwa kuangalia majirani zake. Kwa hiyo theluthi mbili ya namba zilizomo kwenye TIFF hazikupimwa na kamera hata kidogo. Zimekokotolewa, na TIFF inalinda matokeo ya hesabu hiyo. Vipimo vyenyewe vimeshaachwa nyuma.

Na ukadiriaji huo hauko peke yake. Kabla TIFF haijaandikwa, mizani ya weupe imekwisha amuliwa. Juani, kijani ndicho kinachosomwa kwa nguvu zaidi, hivyo programu huzidisha namba za nyekundu na bluu ili nyeupe ionekane nyeupe. Mtazame bibi harusi aliyesimama mlangoni mchana: kwenye shela yake, namba zilizozidishwa hugonga dari na kukatwa. Ndani ya RAW huenda nyekundu na bluu za mahali hapohapo zilikuwa hazijajaa, na mhariri mzoefu angeweza kurudisha mikunjo ya kitambaa. Ndani ya TIFF iliyokwisha katwa hakuna mikunjo ya kurudisha. Rangi kali nazo hupatwa na hilohilo ukitoa TIFF ya biti 16 huku umechagua sRGB, mfumo wa rangi uliobuniwa miaka ya 1990 kwa kufuata skrini za wakati ule. Kilichobaki nje ya mfumo huo hakirudishwi na wingi wa biti.

Wanaogeuza ili kuokoa nafasi wafanye hesabu kwanza. Picha ya megapikseli 24 kwa biti 14 ni MB 42 kabla ya kubanwa, na kamera nyingi huibana ikashuka zaidi. TIFF ya biti 16 ya picha hiyohiyo ina rangi 3 kwa kila pikseli na baiti 2 kwa kila rangi: MB 144. Ukiibana kwa LZW, mojawapo ya mbinu za kubana faili, mara nyingine faili hutoka kubwa kuliko ilivyoingia, kwa sababu mbinu hiyo haipatani vizuri na data ya biti 16. ZIP ni afadhali. PNG nayo hubeba biti 16, ila haibebi rangi za wachapaji za CMYK, na hadi mwaka 2017 haikuwa na mahali rasmi pa kuweka taarifa za EXIF, yaani tarehe na mipangilio ya kamera. Kwa picha za kamera sioni sababu ya kuichagua.

Hoja nzito ya upande wa pili ni umri. Maelezo ya TIFF 6.0 yalichapishwa mwaka 1992, na faili zilizofuata maelezo hayo zinafunguka mpaka leo karibu popote. Ndiyo maana taasisi kama Maktaba ya Bunge la Marekani huitumia kutunza skani zao. RAW haina dhamana hiyo. Kila kampuni ina yake, nayo hubadilika kutoka kamera hadi kamera. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba Nikon ilikuwa imefunga kwa msimbo wa siri taarifa za mizani ya weupe kwenye NEF za kamera yake ya D2X, na Thomas Knoll, mmoja wa waasisi wa Photoshop, alilalamika hadharani. Picha ilikuwa mali ya aliyeipiga, lakini ufunguo ulibaki kwa kampuni. Programu nyingi huria zinazofungua RAW leo zinadaiwa na mtu mmoja, Dave Coffin, aliyeanza kuandika dcraw, programu ya kusoma RAW, mwaka 1997 na kuzichambua faili za kamera moja baada ya nyingine. Naiheshimu sana kazi hiyo, na kwa sababu hiyohiyo inanitia wasiwasi: kumbukumbu za watu wengi namna hii hazikupaswa kutegemea subira ya mtu mmoja.

Tena RAW yenyewe si lazima iwe kamili. Sony ilikuwa ikibana ARW za kamera zake za α7 kwa njia inayopoteza data, na dosari zilijitokeza kwenye kingo zenye tofauti kali ya mwanga, hasa picha za usiku. Mwaka 2015, baada ya malalamiko mengi, ndipo ilipoanza kutoa RAW isiyobanwa. Anayeamini kwamba hajapoteza chochote kwa kuwa anapiga RAW aitazame kwanza menyu ya kamera yake.

Kuna hoja nyingine ambayo sisi watetezi wa RAW hatuijibu ipasavyo. Picha iliyokamilika haimo ndani ya RAW. Kazi ya mhariri imo kwenye katalogi ya programu au faili ndogo ya pembeni, na programu nyingine haitaisoma vilevile. Ukihama programu, unabaki na vipimo bila uamuzi wako. Hapo TIFF haina mbadala: ndiyo inayotunza sura uliyoitaka wewe.

Lakini uamuzi wa leo usiufunge wa kesho. Lightroom, programu ya kuhariri picha, ilipoleta kifaa chake kipya cha kuondoa chengachenga za picha za gizani mwaka 2023, mwanzoni kilifanya kazi kwenye faili RAW tu. Picha ya mwaka 2012 iliyopigwa ukumbini gizani iliweza kusafishwa kuliko ilivyowezekana siku ilipopigwa, mradi faili yake ya kamera ilikuwa bado ipo. Hiyo ndiyo sababu inayonishikilia upande huu.

Katikati pana DNG, aina ya RAW iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2004 juu ya msingi wa TIFF, maelezo yake yakiwa wazi kwa wote. Inaweza kubeba vipimo vya kihisi bila kuvikadiria na kuvibana bila kupoteza. Leica na Pentax huiandika ndani ya kamera. Tahadhari ni mbili: programu za baadhi ya watengenezaji, kama Canon na Nikon, hazifungui faili zao zikishageuzwa kuwa DNG, na DNG nyingine, zikiwemo ProRAW za iPhone, tayari rangi zake zimekadiriwa.

Kwa mpiga picha wa Mwanza au Mombasa anayenunua diski kwa malipo ya harusi iliyopita, ningesema afute mapema picha mbovu na zinazofanana, abaki na RAW za zilizochaguliwa, na atoe TIFF ya biti 16 kwa zile chache alizozimaliza kwa mkono wake. Mteja apewe JPEG. Wa habari asifute faili ya kamera kwa hali yoyote, wala asitegemee DNG peke yake: mashindano ya picha za habari ya World Press Photo hudai faili kama ilivyorekodiwa na kamera wakati wa kuhakiki picha, na TIFF haithibitishi kilichokuwa mbele ya lenzi.