Marufuku ya plastiki iliishia mlangoni kwa muuza chipsi

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku hapa Tanzania Juni 1, 2019, nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Ila marufuku ile ililenga taka. Plastiki inayogusa chakula chenyewe, tena kikiwa cha moto, tuliiacha.

Nenda Tandika au Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa wanafunzi wanapotoka shule. Muuzaji anatoa chipsi karaini, anazichuja mafuta juujuu, anazimimina kwenye nailoni nyepesi, anamwagia tomato na pilipili, anapiga fundo. Mwanafunzi akipanda daladala, nailoni imeshajaa mvuke na kulegea. Na anayekula palepale? Sahani imevalishwa nailoni, ili mtu asihangaike kuosha vyombo.

Joto, mafuta na uchachu ndivyo vinavyozitoa kemikali kwenye plastiki na kuziingiza kwenye chakula. Zinazotajwa sana ni bisfenoli A, ya plastiki ngumu na utando wa ndani ya makopo, na fthaleti, zinazolainisha plastiki. Zote zinaweza kuvuruga homoni, na kijana wa miaka 14 ndiyo kwanza homoni zake zinajipanga.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulipima mkojo wa watoto na vijana zaidi ya 2,800, wa miaka 6 hadi 19. Katika kundi lenye bisfenoli A nyingi zaidi, asilimia 22.3 walikuwa na unene uliopitiliza; katika kundi la chini kabisa, asilimia 10.3. Hilo halithibitishi kwamba kemikali ndiyo iliyowanenepesha. Huenda anayekula sana vya makopo ndiye anayenenepa, na ndiye huyohuyo anayekutwa na bisfenoli nyingi. Tena chipsi zenyewe na soda ya kushushia zina lawama kubwa kuliko nailoni. Anayetaka kuisingizia plastiki ili aendelee na soda yake, mimi simo.

Hata hivyo Ulaya hawakungoja uthibitisho wa mwisho. Mwaka 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika cha bisfenoli A mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 wakaipiga marufuku kwenye vifaa vinavyogusa chakula. Kwetu, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na nailoni ya chipsi haina hata maandishi ya kusema imetengenezwa kwa nini. Naomba kanuni moja tu: chakula cha moto kisitiwe kwenye plastiki laini. Msiturudishe kwenye kufungia chakula magazetini lakini, wino nao si kitoweo.

Faraja ni kwamba bisfenoli A haikai mwilini. Sehemu kubwa hutoka na mkojo ndani ya siku moja, kwa hiyo kupunguza leo kunaonekana kesho. Binti yangu wa kidato cha pili siku hizi anabeba bakuli la stili. Muuzaji wake alinuna mwanzoni, eti linamharibia kipimo.